Bustani ya Shosho Wanjira kwenye Ramani

Kimanzi alikuwa mkata nyasi katika maboma ya watu, Parklands hadi Spring Valley. Jumatatu hiyo msimamizi wao, Obuya, aliwaita ofisini akawaonyesha kompyuta. Kila mtu achore maboma yake kwenye ramani ya tovuti mpya. Boma lisilochorwa atapewa mwingine.

Kimanzi alianza na kwa Shosho Wanjira, bibi mzee wa kule Spring Valley. Angeanza wapi tena? Kwingine alifunguliwa geti na askari, akakata nyasi, akaenda zake. Shosho alimfungulia mwenyewe. Alimletea chai, akaketi kwenye ngazi na kumuuliza kama kwao Kitui kumenyesha. Tangu mkewe afariki, kulikuwa na wiki ambazo hakuna mwingine aliyemwita kwa jina.

Alibonyeza kona moja baada ya nyingine mpaka umbo likajifunga, likawa kijani, rangi aliyopewa yeye. Akahamia boma la Parklands. Alipolifunga, lile la Spring Valley likatoweka. Aliliona likitoweka, ila akadhani limewekwa mahali, kama nguo iliyokunjwa ikatiwa sandukuni.

"Mzee, unachora ama unalima hapo?" Mutinda, mkata nyasi mwenzake, alisema nyuma yake. "Toka, tuko wengi!"

Watu wakacheka. Kimanzi akainuka bila kuuliza neno.

Jumatano alikuja Beryl, msichana aliyetengeneza tovuti ile.

"Wazee, mnisamehe. Hiyo programu ya JavaScript niliandika ilikuwa inashika umbo moja tu. Ukichora ya pili, inafuta ya kwanza. Nimerekebisha, sasa chora hata kumi."

Lakini Obuya alikwisha kuanza kugawa maboma yaliyokosa mtu, na bustani ya Shosho ilikuwa ya Mutinda. Kimanzi akaketi, akaichora upya juu ya rangi ya buluu ya Mutinda. Ramani haikukataa. Maumbo mawili yakalaliana, rangi ikakolea.

"Kimanzi!" Obuya aliita. "Mbona umechora juu ya Mutinda? Ulikuwa unataka huko? Sema tu nibadilishe."

"Sema, mzee," Mutinda akadakia. "Mimi hata sijali. Huko ni mbali, na kuna mlima."

Wote wakamtazama. Maneno yalikuwa mdomoni: yule mama huniuliza habari zangu. Lakini mwanamume wa miaka hamsini na kitu anasemaje jambo kama hilo mbele ya wanaume wenzake? Watamuuliza, habari gani hizo?

"Hapana," alisema. "Mkono uliteleza."

Akaligusa umbo lake, akalifuta. Ikabaki buluu peke yake.

"Haya, chora basi zako za Parklands, hizo bado sijagawa," Obuya akasema, akageukia simu yake.

Kimanzi akachora maboma matano, moja baada ya jingine, na safari hii yote yakabaki.