Mbwa Aliyeitwa Waseme

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile nimeshayasahau na wala sina haja ya kuyatafuta. Nilikuwa nimerudi kutoka soko la Kibuye, ambako niliuza mitumba, nikamkuta mama yangu amekaa chini uani, miguu ameinyoosha, kichwa cha mbwa kiko mapajani mwake, anamlisha kwa kijiko. Kijiko cha chai kabisa, kile tulichowawekea wageni. Ugali ameulainisha kwa mchuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, anaupuliza kwanza upoe, ndipo anampa. Nilitaka kucheka. Kisha nikayaona macho ya mama, nikaenda jikoni kuweka mboga.

Ngoja nikueleze kwanza habari za mbwa huyo, maana jina lake lilikuwa na kisa. Aliitwa Waseme. Kwetu huku kando ya ziwa, mbwa wengi hawakupewa jina bure. Kama una jambo limekukaa rohoni na huwezi kumwambia jirani usoni, unampa mbwa jina linalolingana na jambo hilo, halafu asubuhi na jioni unamwita kwa sauti. Jirani anasikia. Hana la kufanya, kwa sababu wewe umemwita mbwa wako tu. Nyinyi siku hizi mnarushiana maneno kwenye simu, sisi tulikuwa na mbwa.

Jirani aliyekusudiwa ni Mama Konso, aliyeishi upande wa pili wa ua wetu wa minyaa, pale unapotoka Nyalenda ukiteremka kuelekea Dunga. Alifanya kazi hospitalini mjini, katika chumba cha mazoezi ya viungo, wanakofundishwa kusimama tena watu waliovunjika na waliopooza. Baba yangu alipopooza upande mmoja, Mama Konso ndiye aliyekuwa akipita jioni baada ya kazi, kupitia pengo lililokuwa kwenye ule ua, aje amfundishe kushika kikombe na kukaa bila kuegemea. Akishaondoka tu, mama anakichukua kikombe kilekile na kumnywesha baba. Anambeba. Anamvalisha mpaka soksi. Mama alimpenda baba, mwanangu, na hakuweza kustahimili kumwangalia akihangaika na kifungo kimoja cha shati mpaka jasho linamtoka. Baba hakusimama tena. Tukamzika.

Kwenye matanga, Mama Konso alisema mbele ya wanawake waliokuwa wakiosha vyombo, "Nyar Uyoma alihurumia bwana yake mpaka akamlaza." Nyar Uyoma ndiye mama yangu. Kwetu mke huitwa kwa jina la kwao, na mama alitoka Uyoma, kule karibu na Luanda Kotieno. Maneno hayo yalimfikia kabla vyombo havijakauka. Alikata matawi ya miiba akaliziba lile pengo la ua, na kaka yake alipomletea mtoto wa mbwa ili asikae peke yake, akampa jina. Waseme, yaani hao wanaosema na waseme. Tangu hapo alimwita mbwa huyo akiwa ameelekea minyaa, hata kama mbwa mwenyewe amelala miguuni pake.

Mama Konso aliyasikia hayo kwa miaka. Hakuwahi kulitamka jina lile hata mara moja. Kama mbwa ameingia shambani mwake, alimfukuza kwa kupiga makofi.

Basi Waseme akagongwa na pikapu ya samaki kwenye barabara ya Dunga. Alirudi nyumbani akijiburuta kwa miguu ya mbele, ile ya nyuma inafuata tu vumbini. Daktari wa mifugo alikuja, akampapasa mgongo, akambinya vidole vya nyuma kwa nguvu. Waseme akageuza kichwa kumtazama. Daktari alifurahi kuona hivyo, akatuambia uti wa mgongo umeumia lakini haukukatika. Apumzike kwanza, alisema, kisha afanyishwe mazoezi polepole, na asiachwe kulala upande mmoja. Yeye angerudi mvua zikiisha, kwa kuwa wilaya nzima ilikuwa inamngoja. Na kama akirudi akakuta vidonda vya kulala vimeingia ndani na miguu haijaamka, basi hakungekuwa na la kufanya ila kumdunga sindano ya kumaliza mateso.

Alieleza vizuri, simlaumu kwa lolote. Lakini mama alilisikia neno kupumzika, na mengine yote yakapita. Mimi nilikuwa natoka alfajiri na kurudi jioni, ndugu zangu wako Nairobi na Kericho, na kiumbe pekee aliyekuwa akilala mlangoni pa mama usiku kucha ni huyo. Kwa hiyo alimpumzisha. Alimbeba kwenda kivulini na kumrudisha. Alimshikia bakuli la maji. Mapaja ya Waseme yakakonda yakawa mifupa, na juu ya nyonga manyoya yakaanza kunyofoka, kidonda cha kulala kikajitokeza. Kufikia siku ile ya kijiko, mbwa alikuwa hajaribu tena hata kuinua kichwa mwenyewe. Mvua nazo zilikuwa zinaelekea ukingoni.

Nikiwa bado jikoni nikasikia hodi. Nilichungulia dirishani, nikamwona Mama Konso getini na sare yake ya kazi, mkoba begani.

"Misawa," alisalimu.

"Misawa," mama alijibu, macho kwenye kijiko.

"Nimekuja kuona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Si huyo ako kwa miguu yako." Alikaribia, akachuchumaa. "Nyar Uyoma, hii mbwa haiwezi pona ikilala hivi. Mguu ikikaa bure inasahau kazi. Nipatie leso moja ya zamani."

Niliomba Mungu, mwanangu, mama asiseme kitu. Kiburi alikuwa nacho, na sababu ya kiburi alikuwa nayo pia. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya nyonga ya mbwa, pale palipoanza kunyofoka, na nadhani mkono huo ndio ulioamua.

"Akoth," aliniita. "Leta leso."

Mama Konso aliipitisha leso chini ya tumbo la Waseme, akashika ncha zote mbili na kumwinua, ili miguu ya nyuma iguse ardhi bila kubeba uzito. Kisha akaonyesha mengine. Kumkanda mapaja kwa kiganja, kuanzia chini kupanda juu. Kuukunja mguu na kuunyoosha, kama mtu anayeendesha baiskeli. Kutekenya katikati ya vidole mpaka mguu ujivute wenyewe. Alisema kazi yake ni watu, hakuwahi kumshika mbwa, hivyo daktari akirudi tumuulize yote hayo. Lakini goti ni goti, alisema, na mama akakohoa kidogo, kile kikohozi chake cha kuzuia kicheko.

Siku Mama Konso alipokuwa na nafasi, tulimpakia Waseme kwenye wilbaro tukamshusha ziwani. Miaka hiyo gugu maji lilikuwa halijafunga ufuo, na pale wanawake walipofulia palikuwa na maji ya kina cha mapaja, mchanga chini, watu wengi kiasi kwamba kiboko hakusogea. Mama Konso alikunja sketi akaingia naye. Maji yalimbeba, na ile miguu iliyokuwa imekufa ikaanza kupigapiga, kidogo, bila mpango.

"Kwani leo mbwa anabatizwa?" mmoja wa wanaofua aliuliza. "Anabatizwa jina gani?"

Mtaa mzima ulilijua jina na ulijua lilimwendea nani. Mama alijifanya anapanga leso. Mama Konso alisema tu, "Shika kichwa, Nyar Uyoma, asimeze maji," na kazi ikaendelea.

Usidhani walikuwa wamepatana. Walizungumza habari za mguu, wakimaliza kila mmoja anakwenda kwake, Mama Konso akizunguka njia ndefu ya barabara kwa sababu pengo lilikuwa bado na miiba. Jambo lenyewe lilipasuka siku ya sahani.

Waseme alikuwa ameanza kusimama kwa kushikiliwa. Mama Konso akasema chakula kisipelekwe tena mdomoni, kiwekwe mbali kidogo akifuate. Mama akaweka sahani hatua moja. Mama Konso akaisogeza zaidi. Mbwa akaitazama, akajaribu kuinuka, akaanguka kwa ubavu, akaanza kulia, kile kilio chembamba kinachofanana na cha mtoto. Akajaribu tena, akaanguka. Mama akainuka kwenda kumbeba.

"Wacha," Mama Konso alisema. "Inaweza."

Mama akasimama katikati ya uwanja. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo niliyoiogopa zaidi.

"Ulisema niliua bwana yangu na huruma. Sasa umekuja kunionyesha na mbwa?"

Mama Konso aliikunja leso iliyokuwa mkononi mwake, akaikunja tena, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi, na sare yake nyeupe.

"Nilisema," alijibu. "Na nilisemea mahali si pake. Ilifaa nikuje kwa hiyo gate, nikuambie wewe, Mzee akiwa bado hai. Niliogopa kukuudhi. Nikangoja mpaka ikawa ya matanga."

"Angetembea?"

Mwanangu, mimi nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba swali hilo mama alikuwa analala nalo na kuamka nalo tangu mazishi. Lile jina la mbwa lilikuwa la kulifunika tu.

"Sijui," Mama Konso alisema. "Nakuambia ukweli mbele ya Mungu, sijui. Ugonjwa ya Mzee ilikuwa kwa kichwa, hii iko kwa mgongo, si kitu moja. Nimeona wenye walijaribu kila siku na hawakuamka. Niliongea kama mtu anajua kwa sababu niliumia. Mzee alikuwa kama shemeji yangu." Akaiweka leso mapajani. "Ile kikombe, pengine angeshika. Hiyo naweza kusema. Kutembea, sijui."

Mama alilia. Hakulia kwa sauti, alilia akiwa amesimama, mikono imening'inia, na Mama Konso hakwenda kumfuta machozi. Nami nilitaka kwenda, Mama Konso akanizuia kwa kutikisa kichwa. Baadaye mama alijipangusa mwenyewe kwa ncha ya kitambaa. Akaenda mpaka kwenye sahani, akainama, akaisogeza mbali zaidi kuliko pale Mama Konso alipokuwa ameiweka. Akarudi akakaa chini karibu naye, wakamtazama mbwa kwa pamoja.

Waseme aliifikia sahani. Alifika akiwa amejaa vumbi, nusu ametembea, nusu amejiburuta, lakini alifika.

Daktari aliporudi alimkuta amesimama kwa miguu minne, ya nyuma ikitetemeka. Kidonda kilikuwa kimekauka. Akaongeza mazoezi mengine, akarekebisha mawili matatu tuliyokuwa tukiyakosea, akanywa chai akaenda zake na sindano yake mkobani.

Siku nyingi baadaye, jioni, mama alikuwa anachambua mboga nami nawasha jiko. Tukasikia sauti kutoka upande wa pili wa minyaa.

"Waseme!" Ilikatika kidogo, kisha ikaja tena, wazi. "Waseme, kuja!"

Ilikuwa sauti ya Mama Konso. Mara ya kwanza kabisa. Mbwa alisimamisha masikio, akainuka kwa taratibu zake za siku hizo, mbele kwanza, nyuma baadaye, akaenda upandeupande mpaka kwenye pengo la ua. Miiba ikamzuia. Akasimama hapo akiyumba, anamgeukia mama.

Mama aliweka mboga chini. Akaenda akaitoa ile miiba tawi kwa tawi, kwa mikono mitupu, akichomwa na kutukana polepole kwa Kijaluo, mpaka njia ikawa wazi. Hakumsukuma mbwa wala hakumbeba. Alisimama kando akasubiri, Waseme akapita mwenyewe.

"Imeenda kwa wenyewe," aliniambia, akirudi kwenye mboga yake, nami nikaelewa kwamba hakusema mbwa tu, alisema na jina. Pengo lile halikuzibwa tena.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana najua unaye mtu nyumbani anayekutegemea, na kama huna, utakuwa naye. Huruma ni kitu kizuri na usiione haya. Lakini mgonjwa ana kazi yake, na ukiifanya wewe kila mara unamnyang'anya. Kaa karibu naye, shika leso, kazi iliyobaki mwachie hata kama roho inakuuma, na itakuuma kweli. Na ukiona jirani anakosea, mwendee getini mapema, ukiwa peke yako. Usingoje matanga. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, kama alivyosema Mama Konso, maana neno hilo lilimponya mama kuliko sifa yoyote ambayo angempa.

Mama naye alizeeka, mikono ikaanza kutetemeka. Asubuhi moja nilinyoosha mkono nimshikie kikombe cha chai, akanitazama tu. Nikaurudisha mkono wangu. Alikunywa yote, nusu ikamwagikia nguo, akaweka kikombe mezani akatabasamu kama mtu aliyeshinda mchezo.

Mungu akulinde wewe na wa nyumbani mwako, mwanangu. Akupe uvumilivu wa kukaa kando ya sahani, na jirani atakayebisha hodi kwako siku utakayokosea. Nenda kwa amani.