Tairi za Kimondo na Mtani wa Baba

Harufu ya mpira unaopikwa haitoki nguoni hata ufue kwa sabuni gani, na mimi utoto wangu wote nilikwenda shule nikinuka mpira. Karakana ya baba ilikuwa pembezoni mwa mtaa wa Newtown, huko kusini tulikohamia, nyuma ya ghala la vitambaa, nasi tulikaa chumba cha juu yake, kwa hiyo moshi ulipanda moja kwa moja mpaka kwenye mablanketi. Kazi yake ilikuwa kuvika tairi kuukuu mpira mpya: anakwangua uliolika, anazungushia mpira mbichi, anaifunga tairi ndani ya kalibu ya chuma na kuipika kwa mvuke mpaka ishikane. Wateja wake walikuwa wenye teksi na malori ya mboga. Wanafunzi wenzangu waliziba pua nikipita. Leo watoto wao wanavaa fulana zenye jina la tairi aliyoibuni baba yangu, na hakuna hata mmoja anayemjua.

Yote yalianza majira ya joto nilipokuwa darasa la nne. Mteja mmoja alitualika Jumapili kwenye mashindano ya magari, yale ambayo magari mawili husimama sambamba na taa ikiwaka yanachomoka kwenye barabara iliyonyooka, na kabla hujamaliza kupiga chafya yamekwisha fika. Watu wote walitazama nani kashinda. Baba alitazama magurudumu yalivyozunguka palepale mwanzoni na kufuka moshi. Jioni alimwambia mama kwamba wale watu wanafunga tairi ngumu mno, zinateleza badala ya kung'ata lami. Tangu siku ile akawa anakanda mpira laini, anaubonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, anaguna, anautupa na kukanda mwingine. Mama alilalamika kwamba nyumba imekuwa jalala. Mpaka Jumapili moja gari bovubovu la fundi bodi, limefungwa tairi za baba, likaondoka bila moshi hata kidogo na kuliacha gari la maana likihangaika nyuma. Baba aliipa tairi ile jina la Kimondo. Aliketi sakafuni na patasi akalichonga jina hilo ndani ya kalibu, herufi moja baada ya nyingine, ulimi nje kama mtoto. Sikumwona tena na furaha ya namna ile.

Sasa nimtaje Kasimu, na Mungu anisamehe kwa ninavyomtaja. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, muuza vipuri, mwenye Kiingereza na Kizulu cha kumwaga, wakati baba Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu na bei. Baba alikuwa Mzigua wa Handeni, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Asiyejua utani nimweleze: mtani wako anaweza kuingia kwako akala sahani yako, akavaa kofia yako akaondoka nayo, akakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, na wewe ukinuna, wewe ndiye mwenye kasoro. Kasimu aliingia kwetu bila hodi, akapiga meza, akamwambia baba, mtumwa wangu, leo umenipikia nini? Baba alicheka mpaka machozi. Katika mji ule ambao kila mtu alituuliza vibali vyetu, nadhani kutukanwa kwa namna ya nyumbani kulimpa raha kuliko chakula.

Kasimu ndiye aliyekuwa akimsemea baba uwanjani. Madereva walipomzunguka wakiuliza tairi hizi za nani, alijipiga kifua kwa Kiingereza: zangu, na huyu hapa ni mfanyakazi wangu. Kisha akamgeukia baba na kumtafsiria. Baba, badala ya kukana, akafanya linalofanywa na mtani: akainama mpaka chini, akasema ndiyo, bwana mkubwa. Nilikuwepo, nimeshika chupa ya maji, nami nilicheka. Kwetu kila mtu angejua kwamba ni mzaha. Wale waliokuwepo pale waliona tajiri na kibarua wake, basi. Na mchezo ule ulirudiwa kila Jumapili.

Mwisho akaja mwenye duka kubwa la magurudumu kutoka Randburg, akapanda mpaka chumbani kwetu. Alitaka kutengeneza Kimondo kiwandani, na kwanza alitaka kusikia kwa kinywa cha baba mwenyewe kama tairi ni za Kasimu. Alikuja na Mkongo mmoja wa kumtafsiria, na Kasimu naye ameketi palepale, miguu juu ya meza yetu. Mama aliacha chai jikoni akaja kusimama mlangoni.

"Baba Zuhura, mjibu sawasawa," alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida. "Huyu mgeni hajui utani. Hapa si Handeni."

Baba alimtazama mtani wake, akaona anatabasamu, na uso wake ukalegea. Akajibu kwamba ni za Kasimu, yeye ni mtumwa tu. Mkongo akatafsiri neno kwa neno. Nilimtazama Kasimu nikingoja acheke, kwa sababu baada ya hapo huwa wanacheka wote wawili. Hakucheka. Alishusha miguu mezani, akainuka, akampa mgeni mkono.

Mwezi uleule kalibu ilichukuliwa kwenda kiwandani kwa yule mgeni. Mama alimsihi baba akaseme, aende hata kwa wazee wa msikitini, naye akarudia jambo moja tu: atamnuniaje mtani? Nilikuwa mtoto, nikadhani ni upole. Sasa naona alikuwa anaogopa. Akikiri kwamba ule haukuwa utani, basi atakuwa amekosa rafiki pamoja na tairi. Akarudi kwenye malori ya mboga, na hakukanda tena mpira laini. Na jeuri ya Kasimu! Aliendelea kuja kula kwetu sikukuu.

Mwaka huu tumemzika baba. Nyumba yangu ilijaa, jeneza likawa linatolewa, mara Kasimu, mzee mwenye kanzu ya hariri, akajilaza kizingitini kuzuia njia, kama watani wafanyavyo msibani.

"Hatoki mtu hapa," alisema. "Mwizi huyu kaniibia tairi zangu. Azirudishe kwanza, ndipo azikwe."

Msiba mzima ulicheka, na ndivyo desturi inavyotaka. Watu wakamtupia sarafu mbili tatu, akapisha. Binti yangu, aliye sasa na umri niliokuwa nao mimi wakati ule, aliniuliza kwa Kizulu kama ni kweli babu aliiba. Kiswahili anakisikia, hakisemi. Mimi kwa umri wake nilijua utani ni nini, ingawa haukutusaidia kitu. Yeye anajua Kimondo kwa matangazo ya barabarani tu. Nikamketisha kitandani nikamweleza yote, tangu ukucha wa kidole gumba, na mimi uwanjani nikicheka na chupa ya maji mkononi, mpaka chai iliyoachwa jikoni. Alinisikiliza vizuri, kisha kwa mara ya kwanza akanijibu kwa Kiswahili.

"Sasa, Mama, mbona na wewe ulicheka?"