Fundi Aliyeshuhudia Asiyoyaona

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa karakanani, mtaa wa Katwe, bati nimelibana kwa magoti na nyundo iko juu. Binti yake alipiga simu akasema, "Baba ametutangulia," na mimi kwa ujinga nikauliza, "Ametangulia wapi?" maana mzee yule alikuwa na tabia ya kufika kila mahali kabla ya wenzake. Fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo watoto wa bweni hubeba shule zikifunguliwa, amekwenda baada ya kuugua siku chache tu. Nimefanya kazi naye karakana moja miaka mingi. Sote wawili tulitoka Kongo ya mashariki kwa miguu, kila mmoja na njia yake na maiti zake nyuma. Wasomaji wangu mnanijua: shule niliishia darasa la tano, na katika safu hii sifichi wakosaji. Leo pia wapo, na mmoja ni mimi. Lakini msinipe pole haraka, kwa sababu huyu mtu nikimkumbuka nacheka kwanza.

Kanisa letu la Kiswahili lina wakati wa shuhuda, na wakosaji wa kwanza ni sisi sote tulioufanya wakati ule kuwa soko. Anasimama huyu, Bwana amempa safari ya ng'ambo. Anasimama yule, Bwana amempa kiwanja. Asiyepata kitu anapiga makofi, kisha anarudi chumbani kwake Kamwokya akijiuliza kama Mungu anajua anakokaa. Msimamizi wa shuhuda ni polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, tunamwita Afande, naye huziendesha kama gwaride, saa mkononi. Jumapili moja fundi akasimama. "Bwana asifiwe! Nashuhudia kwamba bahari iligawanyika, watu wakapita pakavu. Mimi sikuwepo." Akakaa. Kanisa zima likaangua kicheko.

Afande hakucheka. "Wewe muzee, simama tena. Tuambie Bwana amekutendea nini wiki hii."

"Wiki hii, Afande? Wiki hii jino limeniuma tangu Jumatatu, na sasa hivi linauma. Ndiyo maana nimewaletea habari ya bahari."

"Hiyo ni ya watu wengine. Nguo ya kuazima haisitiri maungo."

"Wokovu wote ni wa kuazima, Afande. Hata pale msalabani sikupanda mimi."

Tangu siku hiyo hakukamatika. Mara ameshuhudia wakoma kumi, mara kuta za Yeriko, mara lile jiwe lililoviringishwa kaburini, na akifika "mimi sikuwepo" watoto wanaitikia pamoja naye. Wengine walisema mzee anafanya mchezo. Mimi nilidhani hivyo hivyo, mpaka aliponigeukia mimi.

Ilikuwa msimu wa kufungua shule, oda zimejaa, watu wanasukumana mlangoni. Katika karakana yetu kila sanduku hukatwa kwa kigezo, kipande cha bati nene ambacho mzee alirithi kwa fundi aliyemfundisha, na yule naye kwa mwingine ambaye hakuna kati yetu aliyemwona. Unakiweka juu ya bati jipya, unachora, unakata. Siku hiyo nilibaki na bati fupi kidogo, na kwa haraka yangu nikachukua makasi nikapunguza kigezo chenyewe. Nikakata mifuniko minane. Hakuna hata mmoja uliofunga. Fundi akaupindua mmoja, akaupindua wa pili, akaniangalia.

"Mdogo wangu, nani amekata kigezo?"

"Mimi. Bati lilikuwa fupi."

"Bati fupi, basi unakata kigezo? Bati likipungua unaliunga. Kigezo unakiacha." Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. "Na kanisani unafanya hivyo hivyo. Nasimama karibu yako kila Jumapili tukikiri imani. Tukifika kwenye ufufuo wa mwili, unakohoa. Kikohozi gani hicho kinachojua mistari?"

Wateja wakacheka. Mimi damu ilinipanda. Nikamwambia mbele yao wote kwamba mke wangu nilimwacha kando ya barabara, bila kaburi, bila hata jani la kumfunika. Nikawataja waliohusika: wanamgambo waliompiga risasi tukikimbia, jirani aliyewaonyesha mlango wetu, na wakubwa waliogawa bunduki kisha wakalala usingizi. Nikasema, "Msalaba nauamini, kwa sababu nimeuona. Nimeona watu wengi wakifa, Mzee. Sijaona hata mmoja akiamka."

"Hata mimi sijaona," alisema, polepole.

"Basi?"

"Basi tukiishia kwenye yale tuliyoyaona mimi na wewe, mke wako amekwisha. Unataka hivyo?"

Nilinuna siku tatu, nikila chapati yangu peke yangu kwenye ngazi ya duka la jirani. Siku ya nne alinitumia chai na ujumbe kwamba anatafuta mtu wa kugombana naye, maana wateja hawatoshi. Nikarudi. Tuliunga vipande vya bati nene, tukatengeneza kigezo upya kwa kupima sanduku la zamani, lakini kukohoa sikuacha. Miaka ikapita hivyo, na yeye hakunisema tena. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Tulimzika Alhamisi. Afande mwenyewe alisimamia, na safari hii saa aliiacha mfukoni. Akasimama kando ya jeneza, akasema, "Bwana asifiwe. Nashuhudia kwamba kaburi la Bwana lilikuwa wazi. Mimi sikuwepo," na waombolezaji wakacheka huku wanafuta machozi. Kisha tukakiri imani. Tulipofika mahali pangu pa kukohoa, nilikuwa na hofu kuliko siku niliyovuka mpaka. Nilisema. Kwa sauti mbovu, lakini nilisema neno zima. Sikuona nuru, wala joto kifuani sikulisikia. Udongo ulikuwa udongo, na mtu nyuma yangu alikuwa anajibu simu.

Ndugu msomaji, uchungu wangu haujaisha na wakosaji bado nawajua kwa majina. Nao Mungu ana neno nao, hilo pia limo katika Injili na silikohoi. Ninachokuomba ni hiki: usichague humo kile tu kilichokwisha kukupata. Anayefanya hivyo anahubiriwa maisha yake mwenyewe, na hayo alikuwa anayajua tangu zamani. Ichukue yote, hata ile sehemu ambayo mdomo wako unaona haya kuitamka. Waliotuletea habari hii wengi walikufa bado wanaingoja, wala hawakuipunguza. Mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa mjane mwenye ushahidi wa kifo tu. Tangu Alhamisi ni mume anayemngoja mkewe, na kazini wananiuliza kwa nini napiga mluzi.