Ukimya wa Sebule

Watu wa filamu walimbatiza jina la Mama Lokesheni, naye akalipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Nyumba yake ilikuwa na sebule pana, madirisha makubwa yanayoingiza jua la asubuhi, na ngazi fupi ya saruji ambayo mpiga picha mmoja aliisifu kuwa ya kifahari, sifa ambayo hata fundi aliyeijenga asingeiamini. Aliyewaleta ni mtoto wa mdogo wake, kijana mwongozaji wa filamu aliyemwita mama mkubwa. Filamu ya kwanza, sebule ikawa ya tajiri. Ya pili, ya jambazi. Ya tatu ikageuzwa kituo cha polisi, ukuta ukapakwa buluu, na jamaa wakaondoka zao bila kuurudisha ulivyokuwa.

Mama Lokesheni aliwapenda watu hao na kuwalaani kwa mdomo uleule. Alichukia nyaya zilizotandazwa sakafuni hata akienda jikoni kwake mwenyewe anatembea kama kuku anayevuka matope. Alichukia waliposema "mara ya mwisho", maana hapo ndipo kazi ilikuwa inaanza. Alichukia kuwapikia mchuzi wa maana, waigizaji wakautia mdomoni mbele ya kamera, halafu wakautema mara tu mwongozaji anaposema "Kata!" Lakini taa zilipowashwa, na binti aliyekuwa akipiga soga uani akaketi kwenye kochi lake na kutokwa na machozi ya kweli, moyo wa mama huyu ulimwenda mbio. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi, chungu kikaungua nyuma yake.

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, hakujali filamu zinatengenezwaje. Yeye alikuwa bingwa wa kutazama, na kutazama pamoja naye ilikuwa adhabu. "Usifungue huo mlango, we binti! Haya, umefungua. Shauri yako." Au, mtu akiwa ameshauawa na wengine wote wamejiinamia kwa huzuni: "Mwangalieni tumbo. Marehemu anapumua huyo." Filamu zilizopigwa kwao ndizo zilikuwa balaa kabisa. Jambazi anatoa bastola, watu roho mkononi, yeye anauliza, "Mama watoto, hicho kitambaa cha meza si ulisema kimepotea?" Mkewe alikuwa akihamia kiti cha mbali, anacheka bila kutaka aonekane anacheka.

Kisha kifua kikamshika mzee. Kikohozi kilianza kama mchezo, kikamlaza. Hospitali ilimpa dawa na kumrudisha nyumbani, akawa wa kitandani, katika chumba kilichopakana na sebule. Wakati huo mwongozaji alikuwa katikati ya filamu yake kubwa, ile aliyosema itamtoa. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba mkubwa, tuahirishe mpaka upate nafuu?"

"Nani kakwambia nimekufa? Fanyeni kazi."

Wakafanya. Kila kikohozi kilipopenya ukutani, mwongozaji alisema "Kata!" kwa sauti ya upole, na upole huo ndio uliomuumiza Mama Lokesheni. Yule binti mwigizaji alirudia kulia mpaka machozi yakamkauka.

Jioni, kazi ilipokwisha, fundi sauti aliomba jambo lake la kawaida. Alikuwa mtu mtaratibu, hedifoni shingoni kama mkufu. Kila chumba, alisema, kina ukimya wake, na ukimya huo lazima urekodiwe, uje kuziba mapengo katikati ya maneno. Wote wakasimama kama sanamu, wakizuia pumzi. Mama Lokesheni aliingia chumbani akakaa na mgonjwa. Kikohozi kikapenya tena, ikabidi warudie, kisha wakafungasha vyombo.

Mzee hakuiwahi filamu hiyo. Walimzika kabla haijatoka.

Ilipoonyeshwa ukumbini, Mama Lokesheni alikaa mstari wa mbele, na watu walimsifu kwa sebule yake. Binti alipolia, ukumbi mzima ulivuta kamasi. Yeye hakuwa na habari na binti. Alikuwa ametega sikio, akingoja kikohozi kutoka nyuma ya ukuta. Hakikuja. Palikuwa safi, kama nyumba isiyowahi kuwa na mgonjwa.

Picha za mumewe alikuwa nazo za kutosha, za harusi na za lori. Alichokosa ni sauti, nayo ilikuwa ikimtoka. Alijaribu kukumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akisema "shauri yako", lakini kichwani aliisikia kwa sauti ya kwake yeye, si ya mzee. Jambo hilo lilimtisha kuliko kaburi. Akafunga safari kwenda kwa fundi sauti.

Alimkuta katika chumba kilichobandikwa magodoro ukutani.

"Nimekuja kuchukua kikohozi cha mume wangu," alisema.

Fundi hakucheka. "Mama, tulikitoa chote. Ndiyo kazi yenyewe." Halafu, alipomwona usoni, akafungua kompyuta. Alitafuta sana. "Kuna ule ukimya wa sebule ulioharibika. Sikuufuta. Lakini mama, sijui kama utapenda."

"Nivalishe hicho kitu."

Akamvalisha hedifoni. Ulianza mvumo wa friji yake, akaujua. Kikafuata kikohozi, kirefu, cha kukwaruza, naye akaweka mkono kifuani. Kisha mwanamke mmoja akasema kwa ukali, chinichini: "Jamani, baba watoto, si ujikaze kidogo! Unaniaibisha mbele za watu."

Alishangaa ni nani huyo asiye na huruma. Akajitambua.

Na hapo ndipo alipomsikia mumewe, hai kabisa, akisema kwa pumzi fupifupi: "Haya, mama watoto. Nimenyamaza."

Fundi aliyaona machozi, akaiuma midomo. "Naweza kuitoa sauti yako, mama. Ni kazi ndogo. Ubaki na yake peke yake."

"Ukinitoa mimi, yeye atakuwa anamjibu nani?" Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Acha iendelee."

"Hakuna kitu tena mbele, mama. Ni kimya mpaka mwisho."

"Yumo. Anajizuia."

Fundi aliondoa mkono kwenye mashine. Mama Lokesheni akaibana hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili na kuinama mpaka paji likagusa meza.

"Kohoa, mume wangu," alisema. "Kohoa tu."