Baba Alipowacheka Malodi

Kabla ya uhuru, baba yangu alimpikia DC Mwingereza na kumwandalia meza. Miaka ya tisini, pale Garissa, bado watu walimtambulisha kwa hilo: huyu ndiye aliyeishi na Wazungu wakubwa. Mimi nilikuwa karani kijana, na sifa ile niliivaa kama shati langu mwenyewe.

Basi siku ya posa yangu tulikwenda baada ya alasiri. Baba wa binti alikuwa haji, mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye televisheni na mashine ya video. Kwetu posa haikurupukiwi. Kwanza mnakunywa chai, kisha mnatajiana mababu. Haji alitaja wake, babu juu ya babu, macho kayafumba kwa raha. Baba akataja wake. Mambo yakawa shwari.

Alikuwepo pia afisa wa mifugo, mtu wa bara aliyepanga chumba kwa haji, na kwa ajili yake tulizungumza Kiswahili, haji kwa lafudhi nzito ya Kisomali. Ndiye aliyetoka na kanda Nairobi. Haji akaiweka ituchangamshe kidogo kabla ya maneno mazito.

Ilikuwa sinema ya kuchekesha, lakini ucheshi wake mchungu. Lodi mmoja wa Uingereza, bwana wa ukoo mkubwa, anaishi katika jumba linalovuja, na jamaa zake wanauana kwa sumu ili wairithi ile heshima yake. Kila akifa mtu, waliobaki wanaombana radhi na kumimina chai. Afisa alikuwa akijipiga mapaja kwa kicheko. Haji, kila maiti ikidondoka, alisema, "Inna lillahi," kisha akauliza, "Sasa hii watu inaua mtoto ya ami yao sababu ya jina tu? Mzee, wewe umekaa na wao, hebu tuambie."

Baba akaeleza kwa utaratibu: kwa nini uma unakaa kushoto, kwa nini mjane halii mbele ya watumishi. Nilivimba kichwa. Nilijiona nimeshaoa.

Mara lodi akatupa mfupa chini ya meza na kumwamuru mtumishi wake, mtu mwenye mvi, autoe kwa meno. Yule mzee akapiga magoti. Sote tukacheka. Haji akamgeukia baba, bado anacheka. "Hata wewe ulibiga magoti file huyu?"

Nilimwomba Mungu baba aseme uongo. Neno moja tu, hapana, lingetosha.

"Nilipiga," alisema baba. "Kila alipolewa akiwa na wageni."

Kwenye televisheni yule mtumishi alirudi na supu, akaitia sumu, akampa bwana wake kwa adabu zote. Lodi akaanguka, uso ndani ya sahani. Mtumishi akamfuta sharubu, kisha akaondoa vyombo upande unaotakiwa. Hapo baba akacheka. Sijawahi kumwona akicheka vile, machozi yakimtoka, kofia ikimdondoka, peke yake, maana hata afisa alikuwa ameacha kucheka.

"Wetu alirudi kwao mzima," alisema akijifuta macho. "Tena amenenepa."

Haji akazima video. Akatuongezea chai, akazungumza bei ya madume na ukame wa kule Balambala, na tulipoinuka akasema atatuma mtu. Kwa sauti yake nilijua hakuna mtu atakayetumwa, na kweli hakutumwa. Binti yake hakuwa wa kupewa mtoto wa aliyeokota mfupa kwa meno. Kwamba haji mwenyewe alikuwa ametoka kuwacheka Waingereza kwa kiburi hichohicho cha ukoo, hilo lilinijia miaka mingi baadaye. Siku ile niliona haya tu, haya ya kutaka ardhi ipasuke niingie. Na sikumwonea haya haji. Nilimwonea haya baba.

Tukashika njia ya nyumbani kwenye mchanga, jua likielekea kuzama.

"Nimekuharibia?" aliuliza.

"Hapana, aabbo."

"Umenionea haya?"

"Hapana."

Alikazana na mchanga, akihema.

"Basi mbona unatembea mbele yangu kama hatujuani?"