Ukumbi Niliomjengea Yaya Ndani ya Kaseti

Nilikosea mimi, si yaya. Naanza na hilo kwa sababu kwetu Kamina bado wapo wanaomtazama kwa jicho la pembeni, kumbe jambo lenyewe nililifanya mimi, kwa kidole kimoja, tena nikicheka.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Miaka ile ya Zaire mume wake alikuwa mwanajeshi wa Base, kambi kubwa ya jeshi ya kwetu, akapelekwa mbali, mpakani. Waliandikiana kwa kaseti, kama familia nyingi za askari. Shemeki, ndiye shemeji yangu huyo, alisimulia mateso yake: hema, mvua, mbu. Yaya alizisikiliza kwangu huku analia. Kila kifurushi cha shemeki kilikuwa na betri mpya za kunishukuru mimi na kaseti tupu mbili, maana mimi ndiye niliyerekodi majibu, katika chumba changu kule kwenye nyumba za reli. Kuta nilizifunika mablanketi, sauti isirukeruke.

Nilikuwa na ugonjwa wa mwangwi, lazima niseme. Ule wangu wa zamani niliutengeneza kwa magnetofoni mbili, mashine za kurekodi kwa utepe. Utepe ulipita kwenye ya kwanza, ukatambaa mpaka ya pili, na sauti ikarudi imechelewa, imechakaa kidogo kila mara. Haukumdanganya mtu. Kila aliyesikia alijua hilo ni pambo tu, kama poda usoni.

Kisha kwaya yetu ikanipa nikitunze kisanduku kipya, cha numerike, kinachotengeneza mwangwi kwa tarakimu. Hakikuwa na utepe wala kelele. Unabonyeza tu: chumba, ukumbi, kanisa. Sauti ilitoka safi hata ungeapa kwamba msemaji amesimama ndani ya jumba lenye sakafu ya vigae. Sharti lilikuwa moja: nyimbo za Mungu tu.

Wiki ileile yaya alikuja kurekodi. Aliketi kitandani kwangu akasema yake ya siku zote: watoto, samaki wakavu wa Kinkondja, bati linalovuja. Alipoondoka nikanakili kaseti kupitia kisanduku, nikabonyeza ukumbi. Nilitaka shemeki ajue ameoa kwenye nyumba ya fundi. Kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko chumba changu!

Baada ya mwezi na kitu shemeki alishuka kwenye treni bila taarifa. Hakusalimia. Aliingia kwake, akasimama katikati ya nyumba, akagonganisha viganja, kofi moja. Akasikiliza kama sauti itarudi. Akaingia chumbani, akapiga jingine.

"Hapana hapa," akasema. "Ulisemea mu nyumba ya nani?"

"Mu chumba ya ndugu yangu," yaya akamjibu.

Akaja kwangu. Kofi lake likamezwa na mablanketi, naye akatikisa kichwa. Basi akaanza kuzunguka mji akitafuta nyumba yenye mwangwi ule. Alipiga makofi shuleni, akapiga kwa mfanyabiashara wa samaki mwenye nyumba ya vigae, mbele ya mke wa mwenye nyumba. Mimi siku ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu. Siku ya pili nilinyamaza, maana kusema kweli kungeninyang'anya kisanduku. Siku ya tatu yaya alifunga mzigo wake, shemeki akamrudisha kwa baba yetu. Hapo kicheko kilinikauka.

Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshaketi nilipofika na mashine zangu. Nikaungama mbele yao.

"Shemeki, sema kitu hapa," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Sema yale unayosemaka kila siku."

Akakohoa. "Niko mu hema, mvua inaninyeshea."

Nikabonyeza ukumbi, nikamrudishia sauti yake. Hema likawa jumba. Wazee wakacheka, shemeki akavua kofia, akaanza kuomba msamaha. Nikadhani nimepona.

Yaya peke yake hakucheka. Aliniomba nirudie. Kisha akafungua mzigo wake, akatoa kaseti ya mwisho ya mumewe, akanipa.

Niliiweka. *Niko mu hema*, ikasema, na kila neno likagonga ukuta na kurudi, vilevile.

"Kule muko na kale kamashini?" yaya akauliza.

"Hapana," shemeki akasema, kabla hajafikiri.

"Basi ile hema iko ya vigae?"

Shemeki alirudisha kofia kichwani. "Iko hema mukubwa," akasema.

Treni ya kesho yake ilimchukua, na hakurudi tena. Kwaya ilichukua kisanduku, pamoja na nafasi yangu. Lakini hayo si kitu. Siku ileile yaya alinifuata nje.

"Weye njo fundi mwenyewe," akasema. "Miaka mbili unaniwekea zile kaseti. Masikio yako ilikuwa wapi?"

Nikabeba mashine zangu nikaondoka. Mpaka leo ananisalimia kama mtu wa njiani, na mimi ninamkosa, ninamkosa sana.

Wewe unayerekodi barua za watu, zirekodi kavu, na kikohozi cha watoto kimo. Na ukisikia jambo, liseme mapema, hata kama linakukatia riziki. Maana jibu ambalo sikumpa yaya nawapa ninyi: mwangwi wa vigae niliusikia tangu kaseti ya kwanza ya shemeki. Lakini zile betri zilikuwa nzuri.