Nyutoni za Fundi Mkono

Fundi wa lifti wa jengo letu anaitwa Fundi Mkono. Jina nimempa mimi, kwa hiyo asije mtu mwingine akajisifia. Mimi ni wa mapokezi, meza yangu inatazamana na mlango wa lifti, na kwa miaka kumi na moja nimeutazama mlango ule kuliko nilivyomtazama mume wangu.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, fundi anaingia saa tatu na robo, kofia kisogoni, anasalimia hadi mlinzi wa geti la pili, kisha anaanza kazi. Milango ya lifti ikianza kujifunga, yeye anachomeka mkono wa kulia katikati. Inamgonga, inasita, inarudi. Anafumba macho kidogo, halafu anatamka: "Mia na ishirini na tano."

"Mia na ishirini na tano nini?" nilimuuliza siku ile ya kwanza.

"Nyutoni, dada. Nguvu ya mlango. Weka mayai mawili madogo kiganjani. Yanavyokukandamiza, hiyo ndiyo nyutoni moja. Mlango huu usizidi mia na hamsini."

Nilipiga hesabu. "Yaani trei kumi za mayai zinisukume ubavuni na wewe unaona sawa?"

"Zikizidi hapo ndiyo sioni sawa," akasema, akacheka mpaka kofia ikadondoka.

Ujuzi huo aliupata ujanani. Kipimo cha msimamizi wake kilitumbukia kwenye shimo la lifti, na kingine hakikununuliwa kwa miaka mitatu. Akajifunza kupima kwa mkono. Kipimo kipya kilipofika wakamshindanisha nacho, akakosea nyutoni tatu tu. Tangu hapo kichwa kilimvimba, na mimi simlaumu. Nyumbani kwake anapima kila kitu. Mkewe aliwahi kunipigia simu kuulizia kama mumewe ameshatoka, tukaishia kupiga soga nusu saa. Akanisimulia kwamba mjukuu wao alipomzaba babu yake kikofi cha kwanza, babu alitangaza "nyutoni nne!" kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Mwaka huu kampuni yake ikawapa mafundi wote vipimo vipya, vya ukubwa wa tochi, vyenye kioo cha namba. Chake akakiacha kwenye boksi, hata nailoni hakuitoa. "Hicho ni cha wasiojua," aliniambia. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikawa nawaambia wageni wasiwe na wasiwasi, mkono wa fundi wetu haukosei.

Sasa, mwezi uliopita alipima Jumatatu akasema mia na thelathini. Jumatano yake mama mmoja mtu mzima alikuwa anatoka kwa daktari wa meno, ghorofa ya tano, shavu limevimba, anatembea taratibu. Alipofika chini na kuanza kutoka, mlango ukampiga begani akaangukia ukutani. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini bega liliiva kwa wekundu. Nilimkanda kwa barafu huku roho inaniuma. Nilipomaliza, uchungu ukageuka hasira, nikafunga lifti na kumpigia fundi.

Alifika ndani ya saa moja. Akachomeka mkono, akafumba macho. "Mia na thelathini na tano. Huyo mama alijikwaa."

"Toa kipimo, fundi."

"Dada, unataka kunifundisha kazi?"

"Mama wa watu ameumia. Toa kipimo."

Alikitoa amenuna, nailoni akaichana kwa meno. Akakiweka kati ya milango. Kioo kikaandika mia mbili na arobaini. Akarudia. Mia mbili thelathini na nane.

"Kibovu," akasema.

Nikaingia jiko la chai, nikarudi na pakiti mpya ya sukari, ya kilo mbili. "Hii yapaswa kuwa nyutoni ngapi?"

"Ishirini kasoro."

Tukakisimamisha kipimo juu ya meza yangu, nikaitua sukari juu yake taratibu. Kumi na tisa nukta saba. Fundi akaitazama ile namba.

Akarudi mlangoni. Akachomeka tena mkono wa kulia, akatulia. Kisha akachomeka wa kushoto, ambao hajawahi kuutumia.

"Mama yangu wee!" Akauchomoa, akaupuliza. "Huu mlango unaua!"

Nilicheka mpaka nilipomwona uso. Alikuwa anavifinya vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, anasubiri kitu kisichokuja.

"Tangu mwaka jana mke wangu ndiye ananifunga vifungo vya shati," akaniambia polepole. "Nilidhani uzee tu. Dada, mimi ndiye niliyemuumiza yule mama."

Sikumbishia. Nilitaka kumwambia hapana, lakini ingekuwa uongo, na kwa jinsi nilivyompenda nisingeweza kumdanganya.

Akapanda ngazi, akafungua boksi la mota ya mlango, akaanza kurekebisha na kupima, kurekebisha na kupima, kila mara kwa kile kifaa. Ilipofika saa nane mlango ukasoma mia na kumi na nane, mara tano mfululizo. Akaniomba namba ya yule mama ili amwombe radhi mwenyewe. Kisha akampigia mkewe, simu kwenye mkono wa kushoto: "Mke wangu, kesho twende hospitali. Ni huu mkono. Ndiyo, ulinambia. Ndiyo. Nakwambia ndiyo, mama!"

Wakati wa kuaga akaninyooshea mkono wa kushoto, mtu ambaye adabu kwake ni jambo la kwanza.

"Uniwie radhi, dada. Wa kulia haumsikii mtu."

Nikaushika, nikaubana kwa nguvu zangu zote.

"Ngapi?" nikamuuliza.

Akafumba macho, akangoja, akafumbua.

"Sijui," akasema. "Usiachie kwanza."